Redio ya Kusemezana Nyumbani: Namna ya Kuanza Bila Kuleta Hofu Mtaani



Katika mafunzo ya amani tunayofanya huku Wamaza, na katika teritware za Kasongo na Kabambare, swali moja linarudi kila mara, hasa kutoka kwa vijana: "Je, sisi wenyewe tunaweza kuwa na foni nyumbani?" Wanataka kusemezana na ndugu waliobaki Salamabila, na shangazi aliye Kabambare, na rafiki anayesoma Kasongo. Simu haifiki kila kijiji, na pale inapofika mara nyingi mtandao umelala au salio limekwisha. Wengine hawana haja kubwa. Wanapenda tu chombo chenyewe: kufunga waya juu ya mwembe, kuwasha, na kusikia sauti ya mtu wa mbali.

Upenzi huo si kosa. Katika nchi nyingi duniani kuna watu wanaoshika redio kwa kujipendea tu, bila mshahara. Wanaitwa radioamatere, yaani watu wa redio ya ridhaa. Umoja wao wa dunia ulianzishwa Paris mwaka 1925. Lakini huku kwetu, ambako watu wamekimbia vita zaidi ya mara moja, waya juu ya mti unaweza kuleta hatari. Ndiyo sababu tumeandaa somo hili.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili, msomaji ataweza:
- kutofautisha motorola na foni, na kujua kila moja inafika wapi;
- kuanza kujifunza nyumbani kwa kusikiliza, kabla ya kununua chombo cha kusema;
- kujua ruhusa zinazotakiwa;
- kusema hewani kwa ufupi na kwa ukweli, bila kueneza uvumi.

TUKIO MOJA LILILOTUFUNDISHA

Siku moja tuliitwa mahali kwa haraka. Kijana mmoja, mkimbizi wa ndani, alikuwa amenunua motorola mbili ndogo sokoni. Moja alimpa mdogo wake anayelinda mpunga shambani, ili ajue kama njia ni salama kabla mama yao hajaenda kuchuma sombe. Lilikuwa jambo jema. Lakini hakumwambia mtu yeyote.

Usiku majirani walisikia sauti za watu wawili ndani ya nyumba ambamo walijua analala mtu mmoja. Kesho yake uvumi ukaenea: "Anawaita watu wa porini." Siku ya tatu vijana wa mtaa walikuwa mlangoni na fimbo. Aliyemwokoa ni mzee wa familia iliyompokea. Alisimama mlangoni, akawaambia: "Anzeni kwa kunipiga mimi."

Tulipofika, tuliketi wote chini ya mwembe: mkubwa wa lokalite, imamu, mchungaji, wamama, na wale vijana wenye fimbo. Kijana aliweka motorola juu ya meza, akaiwasha, akamwita mdogo wake. Sauti ya mtoto ikatoka: "Kaka, mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye mpunga." Watu wakacheka, na mwenye mbuzi akaondoka mbio.

Chombo kilikuwa kilekile cha siku zote tatu. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu wote wanakijua. Hilo ndilo fundisho kubwa la somo letu: redio iliyofichwa inaleta hofu hata kama mwenyewe ana nia njema, na redio inayojulikana inaweza kulinda mtaa mzima.

SEHEMU YA 1: AINA MBILI ZA REDIO

Motorola. Hivyo ndivyo tunavyoita redio yoyote ndogo ya mkononi, hata kama si ya kampuni ya Motorola. Mawimbi yake yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukiwa katikati, yanakwama. Katika uwanda ulio wazi kabisa, watu wawili waliosimama wanaweza kufikiana karibu kilomita 10. Ndani ya msitu na mabonde yetu, hesabu kilomita 2 au 3, na mara nyingine hata chini ya hapo. Dawa yake ni urefu. Antena ya upande mmoja ikipandishwa mita 9, ule umbali wa uwanda wazi unafika karibu kilomita 17. Kwa hiyo usidanganyike sokoni na maneno ya "hii ina nguvu sana". Kupandisha antena juu ya mti mrefu mara nyingi kunasaidia kuliko kuongeza nguvu ya chombo.

Foni. Hii ndiyo redio kubwa ambayo wengi wetu tumeiona parokiani, kwenye ofisi za zone ya afya, au kwa mashirika. Mawimbi yake yanapanda juu, yanafika kwenye tabaka la hewa lililo zaidi ya kilomita 100 kutoka ardhini, kisha yanarudishwa chini. Ndiyo sababu mtu wa Kasongo anaweza kusemezana na Kindu au Bukavu, hata kama msitu na milima viko katikati.

Antena ya foni ni waya tu, uliokatwa katikati na kushikwa pande mbili. Kupata urefu wake wote kwa mita, gawanya 143 kwa masafa unayotumia kwa MHz. Kwa masafa ya 7.1 MHz utapata mita 20, yaani mita 10 kila upande. Ukitaka kusemezana na watu walio karibu, hadi kilomita 300 au 400, huna haja ya mnara. Funga waya mita 4 au 5 tu juu ya ardhi, mawimbi yatapanda wima na kuanguka kuzunguka eneo lako. Mchana masafa ya karibu 7 MHz yanafaa. Usiku jua likiondoka tabaka lile linabadilika, basi watu wanashuka hadi karibu 3 MHz.

SEHEMU YA 2: ANZA KWA KUSIKILIZA

Tunawashauri wote wanaotaka kuanza: usinunue kwanza chombo cha kusema. Tumia mwezi mmoja kusikiliza. Mtu anayejua kusikiliza hawezi kuwa mtu wa kelele hewani.

Tafuta redio ya kawaida yenye masafa mafupi, yaani yenye alama SW, au OC kwa Kifaransa. Ikiwa na alama SSB, au BLU kwa Kifaransa, ni bora zaidi, kwa sababu utaweza kusikia foni na radioamatere. Bila alama hiyo, sauti za foni zitasikika kama bata wanaogombana. Funga waya wa mita 10 hivi dirishani hadi kwenye mti, na uunganishe na antena ya redio yako.

Masafa ya radioamatere katika Afrika ni mengi. Ya kuanzia ni haya mawili: toka 7.000 hadi 7.200 MHz, ambayo husikika vizuri jioni na usiku, na toka 14.000 hadi 14.350 MHz, ambayo husikika vizuri mchana. Kila mtu ana jina la hewani linaloanza na alama ya nchi yake. Kongo yetu ni 9Q. Burundi ni 9U, Rwanda 9X, Uganda 5X, Tanzania 5H, Kenya 5Z. Wanafunzi wanapenda sana kazi hii ya kutafuta nchi. Ni somo la jiografia, la lugha na la fizikia kwa pamoja.

Weka daftari. Kila unaposikia kituo, andika tarehe, saa, masafa, lugha, na nguvu ya sauti kwa namba toka 1 hadi 5. Baada ya wiki mbili utaona mwenyewe kwamba asubuhi, mchana na usiku havifanani.

Mambo mawili ya kukumbuka wakati wa kusikiliza:
- Mwambie mkubwa wa lokalite na majirani wako kwamba waya ule ni wa kusikiliza, na waite waje kuusikiliza pamoja nawe. Mtu haogopi kitu alichokigusa.
- Ukisikia kwa bahati maneno ya watu wengine yasiyokuhusu, usiyarudie mtaani. Sheria za redio za dunia nzima zinakataza jambo hilo, na hekima ya wazee wetu pia inakataza.

SEHEMU YA 3: RUHUSA KABLA YA KUSEMA

Kusikiliza redio ya matangazo hakuna shida. Kusema hewani ni jambo jingine. Katika nchi yetu mawasiliano yanaongozwa na Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na masafa yanasimamiwa na mamlaka ya serikali inayojulikana kwa jina la ARPTC. Mtu binafsi, shirika au kanisa, wote wanatakiwa kupata ruhusa kabla ya kutumia chombo cha kusema. Radioamatere anapewa na jina lake la hewani.

Tunajua kwamba ofisi hizo ziko mbali na vijiji vyetu, na kwamba mkimbizi wa ndani mara nyingi hana hata karata. Ndiyo sababu tunashauri njia ya pamoja. Badala ya kila kijana kuwa na chombo chake kwa siri, kamati ya mtaa iombe ruhusa kwa chombo kimoja, kwa msaada wa shirika, parokia, msikiti au zone ya afya ambayo tayari inajua njia. Kisha karatasi ya ruhusa ipitishwe kwa mkubwa wa lokalite, kwa ofisi ya teritware na kwa wakubwa wa usalama wa mahali. Nakala moja ikae kando ya chombo.

Kuna kosa moja linalofanyika sana. Motorola nyingi za bei ndogo zinafungua masafa mengi, na ndani yake kuna masafa ya polisi, ya jeshi na ya mashirika. Kijana anabonyeza vifungo akicheza, na mara yuko katikati ya maneno ya watu wa silaha. Usibonyeze kifungo cha kusema kama hujui uko kwenye masafa ya nani.

SEHEMU YA 4: UMEME NA USALAMA WA CHOMBO

Foni inatumia betri ya volti 12. Foni ya wati 100 ikisikiliza tu inakula ampea 1 au 2. Ukibonyeza na kusema inaweza kukula hadi ampea 20. Kwa hiyo betri ndogo ya pikipiki itakufa haraka. Betri ya gari ya 70 Ah inafaa, lakini usiimalize. Ukifika nusu, acha uichaji kwa sahani ya jua. Maneno mafupi yanaokoa betri.

- Waya wa antena usipite karibu na waya wa umeme.
- Mvua yenye radi ikikaribia, toa antena kwenye chombo, na kichwa cha waya kiwe nje ya nyumba.
- Mtu asishike antena wakati mwingine anasema. Inaunguza.
- Watoto wafundishwe, wasifukuzwe. Mtoto aliyefukuzwa atarudi kukigusa ukiwa hupo.

SEHEMU YA 5: NAMNA YA KUSEMA

1. Sikiliza kwanza, ili usikate maneno ya mwingine.
2. Bonyeza, ngoja kidogo, ndipo useme. Ukisema haraka, neno la kwanza linapotea.
3. Ita kwanza jina la unayemtafuta, kisha jina lako.
4. Sema polepole na kwa ufupi. Ukimaliza sema « à vous », kama tulivyozoea huku, na uachie kifungo.
5. Namba zitaje moja moja: "mbili, tano", si "ishirini na tano".
6. Majina magumu yaandike kwa alfabeti ya redio. Wamaza itakuwa: Whiskey, Alfa, Mike, Alfa, Zulu, Alfa.
7. Aliyepokea habari airudie, ili aliyetuma ahakikishe.

Mfano:
"Kituo cha Pili, Kituo cha Pili, huyu ni Kituo cha Kwanza. À vous."
"Kituo cha Kwanza, nakusikia vizuri, tano kwa tano. À vous."
"Mama mjamzito anatoka hapa saa mbili ya asubuhi kwa baiskeli. Mwambieni muuguzi amngoje. À vous."
"Nimepokea: mama mjamzito, saa mbili ya asubuhi, baiskeli, muuguzi angoje. À vous."
"Ni hivyo. Asante. Mwisho."

Mazungumzo haya hayazidi dakika moja, na yanaweza kuokoa watu wawili.

Kwa radioamatere kuna sheria nyingine nzuri kwa amani: hawaruhusiwi kusema kwa maneno ya siri, wala kufanya biashara hewani. Kila mtu anasema kama mtu anayejua kwamba anasikiwa. Sisi tunawaambia wanafunzi wetu hivi: usiseme hewani neno ambalo usingeweza kulisema chini ya mwembe, mbele ya wazee wa pande zote.

SEHEMU YA 6: HABARI YA HATARI NA UVUMI

Uvumi ukipita kwa mdomo, unatembea kwa miguu. Ukipita kwa foni, unafika vijiji kumi kwa mara moja, na watu wanafunga mizigo usiku kwa sababu ya neno la mtu mmoja. Kabla ya kutuma habari ya hatari, mshika foni ajiulize:

- Nimeona mwenyewe, au nimeambiwa? Kama nimeambiwa, na nani, na yeye alikuwa wapi?
- Ni wapi hasa, na saa ngapi?
- Nikisema neno hili, nani ataokoka? Nani anaweza kuumia?

Mtu akisema, "Watu wa kabila fulani wametuvamia", amewasha moto. Aseme: "Watu wenye silaha, karibu kumi, wameonekana barabarani saa kumi na moja jioni. Sijui ni kundi gani." Maneno haya ya pili yanatosha ili watu wajilinde, na hayamhukumu jirani asiye na kosa.

Tena, usitaje hewani jina la mwanamke au mtoto aliyetendewa ubaya. Usitaje mahali ambapo familia zimejificha. Na usitoe habari za mwendo wa wanajeshi wala wa kundi lingine. Siku mshika foni anapogeuka kuwa sikio la vita, foni ya mtaa mzima imekufa.

MFANO WA DUNGU

Mnamo Desemba 2009, waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 katika eneo la Makombo, ambalo leo liko katika jimbo la Haut-Uele. Mauaji yalichukua siku kadhaa, kutoka kijiji hadi kijiji. Mtandao wa simu haukuwepo, na ripoti kamili ilitoka kwa dunia Machi 2010, miezi mitatu baadaye.

Katika miaka iliyofuata, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki huko Dungu, ambayo Abbé Benoît Kinalegu alikuwa kiongozi wake, ilishirikiana na shirika la Invisible Children kuunganisha vijiji kwa foni. Washika foni walikuwa watu wa palepale kijijini. Walikutana hewani kwa saa zilizopangwa kila siku, hata pasipo habari mbaya. Jambo hili ni la maana: kituo kilichozoea kusema kila siku kikinyamaza, wengine wanajua kwamba kuna tatizo.

Foni haikumaliza vita. Lakini kijiji kilichopata habari mapema kilipata nafasi ya kujilinda. Sisi huku tunaweza kujifunza mazoea hayo ya kila siku hata kwa motorola mbili tu.

SEHEMU YA 7: NANI ASHIKE FONI?

Tunashauri washika foni wasipungue wanne, wanaume na wanawake, na wawili wawe wenyeji, wawili wawe waliokimbia. Foni ikishikwa na upande mmoja tu, upande mwingine utaingiwa na shaka. Chombo kikae mahali pa wazi kama kituo cha afya au uwanja wa parokia au wa msikiti, na daftari la maneno yote yaliyotumwa liwe wazi kwa kamati.

Watu wenye silaha wakija kukidai chombo, wapeni. Msibishane, msikifiche chini ya kitanda cha mtu. Chombo kinaweza kununuliwa tena. Baadaye wajulisheni wakubwa na vituo vingine, ili mtu asidanganywe na sauti ngeni.

ZOEZI LA WIKI NNE

Wiki ya 1: Sikilizeni masafa mafupi kila jioni kwa nusu saa, na kuandika daftarini.
Wiki ya 2: Jifunzeni alfabeti ya redio. Kila mmoja aandike jina lake na la kijiji chake kwa mdomo.
Wiki ya 3: Bila chombo chochote, watu wawili wapeane mgongo na kutumiana habari kwa kufuata kanuni saba. Wengine wasahihishe.
Wiki ya 4: Alikeni majirani. Someni kwa sauti habari tano, nyingine za kweli, nyingine za uvumi. Kundi liseme ipi itumwe, ipi isitumwe, na kwa nini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu, uvumi gani uliwahi kuwakimbiza watu bure? Ulianzia wapi?
2. Kama jirani yako angefunga waya juu ya mti leo, ungefikiri nini kwanza? Ungemuuliza nani?
3. Ni nani anaaminiwa na wenyeji na pia na waliokimbia, ambaye anaweza kutunza funguo za foni?
4. Wamama wanapata habari ya usalama wa njia ya shamba kwa njia gani sasa? Redio ingewasaidia namna gani?
5. Wale vijana waliokuja na fimbo walikuwa na hofu ya kweli. Wangeweza kufanya nini badala ya fimbo?

Yule kijana wa motorola leo ndiye anayewafundisha wengine alfabeti ya redio, na mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa kati ya wale waliokuja na fimbo. Kundi lenu likimaliza zoezi la wiki nne, leteni daftari lenu kwenye mkutano unaofuata. Tutayasoma pamoja.